Git kwa waandishi wa ripoti: kuandika pamoja bila kupotezana

Kuna ugonjwa unaotusumbua hapa Rugu, na leo sisemei mnyauko wa migomba. Nasemea mafaili: ripoti.doc, ripoti_mpya.doc, ripoti_mwisho.doc, halafu ripoti_mwisho_KABISA.doc. Watu wanne, flashi nne, na hakuna anayejua ipi ndo yenyewe.

Dawa ipo, inaitwa udhibiti wa matoleo.

Ni nini hasa?
Ni programu inayotunza kila hatua ya faili: nani kabadilisha, lini, mstari upi na kwa nini. Maarufu zaidi ni Git. Iliandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kuendeleza Linux. GitHub ni tovuti ya kuhifadhia kazi za Git, ilianza 2008, na akaunti ya kawaida ni bure.

Inahusiana vipi na sayansi?
Mwaka 2013 wanahisabati kama dazeni mbili waliokutana Princeton, Marekani, walitoa kitabu cha kurasa karibu 600. Walikiandika kwa Git, chini ya nusu mwaka. Huku kwetu Afrika kuna Masakhane, maana yake kwa Kizulu ni "tunajenga pamoja". Ni watafiti wa tafsiri za kompyuta kwa lugha zetu, Kiswahili kikiwemo. Kodi na matokeo yao waliviweka GitHub, na mwaka 2020 wakatoa makala yenye waandishi zaidi ya 40, wengi wakiwa nchi mbalimbali.

Sasa turudi shambani. Mnyauko bakteria uliripotiwa Kagera mwaka 2006. Tuseme vijana wanahesabu migomba iliyougua. Mmoja anaandika 14, kesho yake inasomeka 41. Kwenye Word ya kawaida mtabaki kunyoosheana vidole. Kwenye Git unafungua historia, unaona nani kagusa namba na saa ngapi, unamuuliza, unarudisha iliyo sahihi. Si mchezo, maana kwa namba hiyo mtu anaweza kuambiwa ang'oe migomba yake!

Maneno ya kujua
- Ghala: folda ya kazi pamoja na historia yake yote.
- Kukomiti: kuhifadhi hatua na kuandika sababu. "Nimesahihisha hesabu ya shamba la pili" inatosha.
- Tawi: nakala ya kujaribia bila kuharibu kazi kuu.
- Kuunganisha: kurudisha tawi kwenye kazi kuu.
- Mgongano: wawili mmegusa mstari mmoja. Git haichagui, inawaachia nyie muamue.

Ukiwa kafe
1. Huhitaji kuinstoli kitu. Fungua GitHub kwenye brauza, hariri, komiti.
2. Andika kwa maandishi ya kawaida, sio Word. Git inalinganisha mstari kwa mstari, faili la Word haiwezi kukuonyesha vizuri.
3. Sentensi moja, mstari mmoja. Migongano itapungua sana.
4. Njoo na simu, unaweza kudaiwa namba ya uthibitisho. Ukimaliza, toka kwenye akaunti!

Kama wenzako hawataki kujifunza, tumieni Google Docs, nayo ina historia ya matoleo. Ila jueni: Git inaonyesha nani kabadilisha, haijui nani kasema kweli. Kwenda shambani kuhesabu upya bado ni kazi yenu.

Nawasilisha. Mwenye swali atupie kwenye maoni hapo chini.