Uchache pekee hautoshi: Siri ya magari ya mbio yanayopanda thamani

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

KILA siku magari yaliyotumika kutoka Japani hupanda Mlima Kitonga mkoani Iringa, hupita Mafinga na Makambako hadi Mbeya, kisha huelekea mpaka wa Tunduma kwenda Zambia na Kongo, au Kasumulu kwenda Malawi. Mengine hayavuki mpaka. Hubaki katika miji ya Nyanda za Juu Kusini, hutumika miaka kadhaa, na yanapochoka hufunguliwa na kuuzwa vipande vipande kama vipuri.

Mengi kati ya hayo ni magari ya kawaida ambayo thamani yake hushuka tangu siku yanapotoka bandarini. Hata hivyo, kipo kizazi cha magari ya Kijapani ya mwendo wa kasi, yaliyotengenezwa kwa idadi ndogo katika miaka ya 1980 na 1990, ambacho bei yake duniani imekuwa ikipanda badala ya kushuka. Tofauti kati ya gari la kizazi hicho na ndugu yake wa kawaida wakati mwingine ni herufi chache tu zilizoandikwa kwenye kibati kilicho chini ya boneti. Asiyezifahamu herufi hizo anaweza kung'oa injini ya gari la thamani kubwa na kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Anaweza pia kufanya kosa la upande wa pili, yaani kulipa fedha nyingi kwa gari lisilo na upekee wowote isipokuwa nembo iliyobandikwa nyuma.

Je, ni mambo gani hasa yanayolifanya gari lililotengenezwa kwa idadi ndogo lipande thamani?

Uchache wenye sababu

Jambo la kwanza ni uchache, lakini si uchache wa aina yoyote. Wakusanyaji hutofautisha gari lililokuwa chache kwa sababu kiwanda kilitaka kulitangaza, na lile lililokuwa chache kwa sababu kanuni za mashindano zililazimisha litengenezwe.

Kwa miaka mingi, Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) halikuruhusu kampuni kuingiza katika mashindano makubwa gari ambalo halikuuzwa kwa wananchi. Kampuni ilitakiwa kwanza kutengeneza idadi maalumu ya magari ya aina hiyo yanayoweza kutembea barabarani. Katika Kundi la 4 idadi hiyo ilikuwa 400. Kundi B, lililotawala mashindano hadi mwaka 1986, lilihitaji magari 200. Kundi A lilihitaji magari 5,000, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwango hicho kikapunguzwa hadi 2,500.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa magari ambayo leo yanasakwa duniani kote. Kampuni ya Opel ilitengeneza Ascona 400, ambayo hata jina lake linatokana na idadi iliyotakiwa. Toyota ilitengeneza Celica yenye turbo, maarufu kwa namba TA64, ili kutimiza masharti ya Kundi B. Miaka kadhaa baadaye ikatoa Celica GT-Four ya namba ST205, ambayo magari 2,500 kati yake yaliwekewa vifaa vya ziada kwa ajili ya kukidhi masharti ya mashindano ya dunia.

Mnunuzi wa gari la namna hiyo hanunui tu kitu kilicho adimu. Ananunua gari ambalo kila badiliko lake, iwe tundu la hewa kwenye boneti au upana wa matairi, liliwekwa kwa sababu ya kushinda mbio.

Historia ya Safari

Jambo la pili ni ushindi. Hapa Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee, kwa kuwa mashindano ya Safari yalikuwa miongoni mwa mitihani migumu kuliko yote ambayo gari lingeweza kupewa.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kwa miaka mingi njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya mwaka 1974 yalibaki ndani ya Kenya. Yaliondolewa katika kalenda ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na yakarejea mwaka 2021, kituo chake kikiwa Naivasha.

Gari la Datsun 240Z lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta. Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyependwa mno na mashabiki, alishinda mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda na Opel Ascona 400. Kisha Toyota Celica yenye turbo ikatwaa ushindi mara tatu mfululizo, mwaka 1984, 1985 na 1986. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 1994 akiwa na Celica, na mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland akashinda na Subaru Impreza.

Ushindi wa namna hiyo hauongezi thamani ya gari lililoshindana peke yake. Huongeza pia thamani ya ndugu zake wa barabarani, kwa sababu mnunuzi anajua kuwa chuma alichonacho kinatokana na kile kilichostahimili matope na vumbi la Afrika Mashariki.

Mfano wa Subaru 22B

Mfano unaoeleweka kwa urahisi zaidi ni Subaru Impreza 22B STi. Gari hilo lilitolewa mwaka 1998 kuadhimisha miaka 40 ya magari ya Subaru na ubingwa wa dunia ambao kampuni hiyo ilikuwa imeutwaa mara tatu mfululizo, kuanzia mwaka 1995 hadi 1997. Magari 400 yaliuzwa Japani, na mengine machache mno yalitengenezwa kwa ajili ya Uingereza na Australia. Lina milango miwili, matao mapana ya matairi na injini ya lita 2.2 badala ya lita 2.0 iliyozoeleka.

Bei yake mpya ilikuwa yeni milioni 5. Mwaka 2023, moja ya magari ya majaribio ya 22B, lililowahi kumilikiwa na McRae mwenyewe, liliuzwa mnadani nchini Uingereza kwa zaidi ya pauni 480,000.

Bei hiyo ilikusanya sababu zote kwa pamoja: idadi ndogo, ushindi, jina la dereva aliyekwisha kuaga dunia, na nyaraka zinazothibitisha nani alilimiliki. Impreza ya kawaida ya miaka hiyo hiyo, ambayo kwa mtazamo wa haraka inafanana nalo, haina hata sehemu ndogo ya thamani hiyo.

Umri wa mnunuzi na sheria za nchi

Jambo la tatu halimo ndani ya gari bali ndani ya mnunuzi. Watu hupenda kununua gari walilolitamani walipokuwa vijana na hawakuwa na uwezo. Kijana aliyebandika picha ya Lancer Evolution ukutani mwaka 1999, au aliyeliendesha katika mchezo wa kompyuta, leo ni mtu mzima mwenye kipato. Ndiyo maana bei za magari ya kizazi fulani hupanda kwa pamoja, miaka 20 hadi 30 baada ya kutengenezwa.

Sheria nazo zina nguvu kubwa. Nchini Marekani, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya nchi hiyo haliruhusiwi kuingizwa kirahisi hadi litimize miaka 25. Nissan Skyline GT-R aina ya R34, ambayo utengenezaji wake ulianza mwaka 1999, ilianza kuruhusiwa huko mwaka 2024. Wafanyabiashara waliokuwa na magari hayo waliyahifadhi wakisubiri tarehe hiyo, kwa kuwa mlango mmoja wa sheria ukifunguka, maelfu ya wanunuzi wapya huingia sokoni kwa pamoja.

Katika Afrika Mashariki milango hiyo haifanani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kuanzia mwaka 2018. Tanzania haijafunga mlango kwa namna hiyo, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kutokana na umri wake, juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaolingana na ukubwa wa injini, na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Aidha, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, hivyo bei aliyolipa mnunuzi Japani si lazima iwe ndiyo msingi wa kodi.

Kwa sababu hiyo, gari la aina hii ambalo tayari limo nchini na kodi zake zimelipwa lina faida ambayo mmiliki wake huenda haifikirii.

Pale uchache uliposhindwa

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kuwa kila gari lililo chache litapanda bei. Kampuni ya Jaguar ilipoonyesha gari la XJ220 mwaka 1988, iliahidi injini ya silinda 12 na nguvu inayozungusha magurudumu yote manne. Wanunuzi walikimbilia kuweka amana. Gari lilipotoka mwaka 1992 lilikuwa na injini ya silinda sita inayozungusha magurudumu ya nyuma pekee, na uchumi wa dunia ulikuwa umeyumba. Baadhi ya wanunuzi walitaka kujitoa na mivutano ikafika mahakamani. Magari yaliyotengenezwa hayakufika 300, lakini kwa miaka mingi yaliuzwa chini ya bei yake ya awali.

Kinyume chake, Ferrari F40 ilitengenezwa kwa idadi ya 1,311, zaidi ya mara nne ya Jaguar hiyo, na bado bei yake iko juu. Sababu ni kwamba lilikuwa gari la mwisho kuidhinishwa na Enzo Ferrari mwenyewe kabla ya kufariki mwaka 1988. Kifo hicho kilisababisha bei za Ferrari kupaa kwa kasi, kisha zikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walionunua kwa mkopo wakabaki na madeni.

Uasilia na nyaraka

Jambo la nne ndilo linalowagusa moja kwa moja wamiliki wa Mbeya na Iringa: hali ya asili ya gari. Kwa mkusanyaji, injini iliyomo inatakiwa kuwa ile ile iliyofungwa kiwandani, na namba yake ilingane na kumbukumbu. Mwaka 2021 gari la McLaren F1, mojawapo ya magari 106 tu yaliyotengenezwa, liliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 20. Sababu kubwa ilikuwa kwamba lilikuwa limetembea maili zisizofika 250 tangu kutengenezwa.

Mazoea ya gereji zetu huenda kinyume na kanuni hiyo. Injini ya turbo ikileta usumbufu, hubadilishwa na kufungwa nyingine ya kawaida. Bampa la asili likipasuka hutupwa, na rangi hubadilishwa kulingana na ladha ya mmiliki mpya. Kwa gari la kawaida hayo ni matengenezo yenye busara. Kwa gari adimu, kila hatua hupunguza thamani, na hasara hiyo mara nyingi hairudishiki.

Hali ya hewa ya Nyanda za Juu Kusini ni msaada kwa anayetaka kuhifadhi gari. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa ni zaidi ya mita 1,500, mbali na chumvi ya pwani inayokula bodi za magari ya Dar es Salaam na Tanga. Adui wa huku ni vumbi la kiangazi, jua kali na unyevu wa masika, ambao huanza kula chuma mahali palipochunwa rangi.

Kabla ya kununua, au kabla ya kung'oa injini, ni vema kufanya mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Namba ya chasisi na namba ya aina ya gari zilizo kwenye kibati zilinganishwe na kadi ya usajili na kumbukumbu za kiwanda. Nembo isiaminiwe, kwa kuwa nembo ya STi au GT hununuliwa dukani. Karatasi ya mnada wa Japani, kitabu cha matengenezo na risiti vitunzwe pamoja na gari, na kifaa chochote cha asili kinachoondolewa kihifadhiwe.

Mmiliki akumbuke pia kuwa soko la magari haya haliko Mwanjelwa wala Mlandege. Liko Japani, Uingereza, Australia na Marekani, na kulifikia kunahitaji usafiri, nyaraka safi na uvumilivu. Gari lililofungiwa bandani nalo hula fedha, kwa kuwa matairi huzeeka, mpira wa mabomba hukauka na mafuta huharibika. Mwenye ada ya shule ya kulipa Januari hapaswi kuifungia fedha hiyo ndani ya boneti ya gari, hata liwe adimu kiasi gani.

Lakini yule ambaye tayari analo, pengine kwa kurithi au kwa bahati ya mnada, ana sababu ya kusoma kibati chake kabla ya kumkabidhi fundi spana. Kati ya magari 400, au 2,500, yaliyotoka kiwandani zaidi ya miaka 25 iliyopita, kila moja linalofunguliwa kuwa vipuri haliwezi kutengenezwa tena.