Maji, miguu na mlo: safari ya basi na siku za sikukuu

Kila Desemba, na kila Idi inapokaribia, Korogwe hubadilika sura. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha yanafuatana, abiria wanashuka kwa dakika 15 au 20, na honi inaanza kulia mtu hajamaliza hata kunawa. Wengine huishia hapo hapo wakitafuta gari la Handeni au la Lushoto. Makala hii inahusu hizo dakika chache, saa nyingi za kukaa kitini, na siku za mapumziko zinazofuata.

Tuanze na jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Abiria wengi, hasa kina mama, huacha kunywa maji tangu alfajiri ya safari kwa kuogopa kubanwa na mkojo njiani. Dereva hasimami kila mtu anapoomba, na kuchimba dawa porini ni rahisi kwa mwanamume kuliko kwa mama mwenye gauni na mtoto mgongoni. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini kukaa na kiu kutwa nzima kwenye joto huleta maumivu ya kichwa, choo kigumu na mkojo wa rangi ya chai. Kubana mkojo kwa muda mrefu, nako, kunawapa wadudu wa njia ya mkojo nafasi ya kuzaliana.

Njia ya kati ipo. Kunywa maji ya kutosha saa mbili kabla ya kuondoka, na uende choo dakika za mwisho kabla ya kupanda. Ukiwa ndani, kunywa mafunda mawili matatu kila baada ya muda, usimalize chupa nzima kwa mkupuo. Mwambie kondakta mapema, mkiwa Mkata au Kabuku, usisubiri mpaka uzidiwe. Na kanga ya ziada ikae juu ya mkoba, sio chini ya nguo zote.

Wapo wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, na siku ya safari huziruka. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Ukienda kliniki kabla ya safari, uliza kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa siku hiyo.

Sasa miguu. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, kazi ya kutwa nzima. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu wasafiri: kukaa kitini bila kujongea kwa muda wa saa 4 au zaidi, iwe ndege, treni, basi au gari dogo, huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Huwa kubwa zaidi kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyetoka kupasuliwa, au aliyewahi kupata tatizo hilo. Dawa yake haina gharama. Inua visigino mara 20, kisha vidole, zungusha vifundo, na urudie kila nusu saa. Usiweke mzigo chini ya miguu ukakosa pa kuinyoosha. Baada ya safari, hata wiki mbili baadaye, mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikauma, usingoje kesho.

Basi likisimama, nenda choo kwanza, nawa mikono, tembea kulizunguka basi, ndipo ununue. Hatuna ugomvi na chipsi na kuku, ila chagua kinachotoka jikoni kikiwa moto, na kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi iache. Pale dirishani pana chakula kizuri kuliko tunavyokithamini: mayai ya kuchemsha yenye ganda lake, mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi mbivu, na machungwa ya kwetu, ambayo ni bora uyamenye mwenyewe. Soda ndiyo inayotutia shaka. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari karibu gramu 37, yaani kama vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Chupa moja tu imeshapita.

Wengine huona aibu kufungua bakuli la viazi vitamu ndani ya basi lenye kiyoyozi. Fungua tu. Huenda jirani akaomba kimoja.

Mwenye kisukari asafiri na chakula mkononi, hasa anayechoma insulini, kwa sababu basi likiharibika mlo wa mchana unaweza kuwa wa jioni. Ukitokwa jasho jembamba na kutetemeka, hapo nusu ya ile soda tuliyoisema vibaya ndiyo msaada wako, kisha ule kitu. Insulini na vidonge visikae kwenye buti. Kule kuna joto, na mzigo unaweza kushushwa kituo kisicho chako.

Ukishafika, kazi ni nyingine. Mkulima wa Handeni aliyezoea jembe na kutembea kwenda shambani anakwenda kwa mwanawe mjini, anakalishwa kwenye kochi wiki tatu, haruhusiwi hata kuosha kikombe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee, liombe mwenyewe: fagia uwanja, mpeleke mjukuu shule, nenda sokoni kwa miguu. Kijana uliyetoka mjini nawe, usiite bodaboda kwenda kwa shangazi wa kitongoji cha pili.

Mezani, kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, basi omba upakuliwe kidogo ili upate nafasi ya kuongeza. Anza na mboga: kisamvu, mlenda, kunde. Pilau haitakimbia. Na ukikuta ugali wa muhogo, ile bada ya kwetu, kwa mlenda, mshukuru aliyepika kwa sauti, maana huenda alikuwa anaona haya kukuandalia.

Kuhusu dawa za kila siku, hesabu siku utakazokaa, kisha ongeza za wiki moja. Msimu wa sikukuu tiketi za kurudi huisha mapema.