Kutoka Karata Hadi Gemu: Mzee Wetu Hakukosea Sana



Sikukuu ya Idi tulikusanyika, kama ilivyo ada yetu, nyumbani kwa jamaa mmoja hapa Uingereza. Kina mama walikuwa jikoni na masufuria ya pilau, kina baba sebuleni na kahawa. Watoto walikuwa wamejifungia chumbani, macho kwenye televisheni na vidole kwenye vitufe vya gemu. Mzee wetu mmoja, aliyekuja kutoka Unguja kuwaona wajukuu, alichungulia mlangoni, akatazama kidogo, akarudi kuketi.

"Wanangu," akasema, "hizo si kamari?"

Tukacheka. Tukamwambia, "La, mzee wetu, ni michezo ya watoto tu." Lakini baadaye tulipoifuatilia historia ya michezo hiyo, kicheko kilituishia. Mzee hakukosea sana.

Tuanze na karata zenyewe. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593, na Waomani wakawatoa humo mwaka 1698. Katika maneno waliyotuachia, kadhaa ni ya mchezo huu. Karata ni neno lao, carta. Vivyo hivyo kopa, uru, shupaza na turufu. Basi Wareno haohao walifika Japani mwaka 1543, na huko nako karata zao zikaingia. Wajapani wakalichukua neno lilelile, wakalitamka karuta. Kwa hiyo babu zetu wa pwani na Wajapani wa Kyoto, bila ya kujuana, walijifunza kwa mwalimu mmoja.

Watawala wa Japani wa ukoo wa Tokugawa walizipiga marufuku karata hizo mara kwa mara kwa ajili ya kamari. Kila zilipokatazwa, watu walichora nyingine zenye sura tofauti. Hatimaye zikatokea hanafuda, yaani karata za maua: karata 48, nne kwa kila mwezi wa mwaka, wala hazina namba hata moja. Sheria zilipolegezwa, fundi mmoja wa Kyoto aitwaye Fusajiro Yamauchi alifungua duka la kuzitengeneza, mwaka 1889. Duka hilo ndilo Nintendo, hiihii ambayo jina lake watoto wetu wanalijua kabla hawajajua kusoma. Miongoni mwa wateja wake walikuwa wacheza kamari, ambao hupenda kufungua pakiti mpya, isije ikawa ile ya zamani imetiwa alama.

Ilikuwaje basi biashara hiyo ikaingia chumba cha watoto? Haikuwa bahati, ulikuwa ni uamuzi. Hiroshi Yamauchi, kitukuu wa mwanzilishi, alishika uongozi mwaka 1949. Mwaka 1959 alipatana na kampuni ya Disney, akachapisha karata zenye picha za kina Mickey Mouse, pamoja na maelezo ya namna ya kuzichezea nyumbani. Karata zilibaki karata. Kilichobadilika ni picha na mnunuzi. Mzazi aliyekuwa akiona haya kuingiza karata ndani ya nyumba sasa alimnunulia mwanawe. Tangu hapo wafanyabiashara walijua kwamba sura ya mhusika anayependwa na mtoto ni ufunguo wa mfuko wa mzazi. Fulana za Mario, mikoba ya shule, hata vile visanamu vya amiibo vilivyoanza kuuzwa mwaka 2014 vikiwa na chipu ndani, vyote ni watoto wa karata zile za 1959.

Baadaye kampuni ikaingia katika vitu vya kuchezea. Gunpei Yokoi, fundi aliyeajiriwa kutunza mashine za kiwanda, alibuni mkono wa plastiki wa kunyakulia vitu, na tangu mwaka 1966 ukauzwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 1983 ikatoka Famicom, mashine ya gemu ya kuunganisha na televisheni. Mwaka huohuo soko la Marekani lilikuwa limeporomoka. Maduka yalijaa gemu mbovu, wanunuzi wakachoka, na kampuni ya Atari ikafikia kuzifukia kaseti zake jangwani New Mexico. Ndiyo maana Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilikwenda kwa tahadhari. Iliweka roboti ya kuchezea ili maduka yaione mashine ile kuwa kitu cha watoto. Iligonga muhuri wa ubora kwenye kila sanduku, na ndani ya mashine ikatia chipu ya kukataa kaseti zisizoidhinishwa.

Muhuri ule, hata hivyo, ulikuwa wa muuzaji mwenyewe. Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliwaita wakubwa wa biashara hii mbele ya Seneti ya Marekani, waeleze habari za gemu za damu kama Mortal Kombat. Mwaka 1994 wenye kampuni wakaunda bodi ya ESRB ya kupanga gemu kwa umri. Ulaya ikapata PEGI mwaka 2003, yenye namba 3, 7, 12, 16 na 18, na hapa Uingereza tangu mwaka 2012 ni kosa la jinai kumuuzia mtoto gemu ya namba 12, 16 au 18 ikiwa hajafikia umri huo. Tunalisema hili kwa sababu wengi wetu tulikuwa tukidhani namba ile ni kiwango cha ugumu, tukajivuna kwamba kijana wetu wa miaka tisa ameshafika 16!

Ndugu zetu wa Ghuba nao wana kisa chao. Gemu ya Pokémon, iliyobuniwa na Satoshi Tajiri, ilitoka Japani mwaka 1996, na karata zake zikafuata mwaka huohuo. Mtoto hununua pakiti iliyofungwa asijue ndani mna nini, kisha hubadilishana na wenzake. Mwaka 2001 Saudi Arabia ilizipiga marufuku, na moja ya sababu walizotoa wanazuoni ni kwamba zinafanana na kamari. Ajabu ya zama kupishana, mwaka 2022 ilijulikana kwamba mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia ulikuwa na zaidi ya asilimia 5 ya hisa za Nintendo.

Lakini hofu ile haikufa. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji, wanakoishi jamaa zetu wengi kutoka Kongo, ilichunguza visanduku vya bahati ndani ya gemu, ambapo mchezaji hulipa pesa taslimu bila ya kujua atapata nini. Ilipata kwamba katika gemu kadhaa maarufu visanduku hivyo ni kamari kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2019 Nintendo yenyewe ikaondoa gemu zake mbili za simu katika nchi hiyo. Kampuni iliyozaliwa na karata za kamari, baada ya miaka 130, ilikutana tena na swali lilelile la mzee wetu.

Hatuandiki haya ili watu wakavunje mashine za watoto. Ziko gemu nzuri, safi, zenye kufundisha subira na ushirikiano. Tunachosema ni kwamba usafi huo haukuja kwa hisani ya muuzaji. Ulikuja kwa sababu watu waliuliza. Na kila kamari ilipotolewa mlangoni, ilitafuta dirisha. Basi tusome namba ya umri, tufunge malipo kwa nywila ya mzazi, na kubwa zaidi, tuingie chumbani tukae.

Idi pili mzee aliingia. Watoto walikuwa na mkusanyiko wa michezo 51 ambao Nintendo iliutoa mwaka 2020. Mlikuwa na dhumna, mlikuwa na keram, mlikuwa na karata, hata hanafuda zenyewe, na mankala ambayo ni ndugu wa bao letu. Mzee akashika kile kidude kichwa chini miguu juu, wajukuu wakamgeuzia. "Hiki sikijui," akasema, "lakini keram naijua." Akawashinda mara mbili. Kisha wakaanza kumuuliza: babu, hii mnaiitaje? Na hii? Shupaza. Uru. Kopa. Watoto ambao mwaka mzima tulikuwa tukiwabembeleza wajibu kwa Kiswahili, jioni ile walikuwa wakigombania kutamka.

Sisi wengine tulibaki sebuleni na kahawa zetu zilizopoa, tukisikiliza.