Faraja ya Walimu: Kutoka Kabete Hadi Mtaa wa Mfangano

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi akashika njia ya magharibi, akaipita Westlands na kuielekea Kabete ya Chini, hufika kwenye uwanja mpana wenye miti mikubwa, ambamo leo watumishi wa serikali hufunzwa uongozi. Na ni wachache miongoni mwa wapitao hapo wajuao kuwa zamani palifundishwa ualimu, na kwamba pamoja na ualimu palifundishwa jambo ambalo walimu wa zama zetu wanalihitaji mno, nalo ni namna ya kuikabili kazi nzito bila ya kazi hiyo kumvunja siha na kumpokonya raha mtendaji wake.

Mahali hapo palikuwa na Shule ya Jeanes. Ilifunguliwa mwaka 1925, baada ya tume ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dakta James Aggrey wa Gold Coast, kuizuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Ikasaidiwa kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na jina lake ikalirithi kwa Anna Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za mashambani za Wamarekani weusi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall.

Lililoipambanua shule hiyo na nyingine za wakati ule ni kwamba mwalimu hakuitwa peke yake. Alikuja na mkewe na watoto wake, wakapewa nyumba ndogo na kipande cha ardhi, wakaishi pamoja na jamaa za walimu wengine kana kwamba wote ni watu wa kijiji kimoja. Mume alipokuwa akijifunza kufundisha na kusimamia shule, mke alijifunza usafi, malezi, upishi na ushonaji. Bustani ililimwa kwa mikono ya wote wawili, na nyimbo na michezo vilihesabiwa kuwa sehemu ya mafunzo. Yaani nyumba ya mwalimu, chakula chake, usingizi wake na furaha ya watoto wake vilitambuliwa kuwa ni katika mambo ya kazi yake, wala si mapambo ya nje yasiyoihusu.

Na alipohitimu, mwalimu wa Jeanes alipewa wajibu ambao nauona kuwa ndio hidaya bora ya Kabete kwa historia yetu: alizunguka katika shule ndogo za vijijini akiwatembelea walimu wenzake. Mwalimu wa shule ya kijijini katika miaka ile alikuwa mtu wa upweke mkubwa, mwenye elimu kidogo, mshahara haba, na watoto wengi wa umri mbalimbali ndani ya chumba kimoja cha udongo, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza swali au kumtua shaka iliyomlemea moyoni. Kuja kwa mgeni aijuaye kazi ile ile, akaketi naye, akaona mafanikio yake na kasoro zake, akamwonyesha njia nyepesi zaidi, kulikuwa faraja na msaada kwa wakati mmoja.

Insafu yatutaka tuseme pia kwamba shule hiyo ilikuwa ya utawala wa kikoloni, na nia yake ilikuwa na mipaka. Waafrika wengi hawakuridhika na elimu iliyowaelekeza kwenye jembe na ufundi wa mikono ilhali watoto wa walowezi walifunguliwa milango ya elimu ya juu. Na kutoridhika huko kulikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya Wakikuyu kuanzisha shule zao za kujitegemea, na mwaka 1939 chuo chao cha walimu huko Githunguri. Lakini hekima haikataliwi kwa sababu ya mkono ulioileta, na hekima ya Kabete ni kwamba mwalimu hatunziki peke yake.

Hekima hiyo ilidhihirika upya jijini, safari hii kwa hiari ya walimu wenyewe. Kabla ya uhuru mwalimu aliajiriwa na misheni, au bodi ya wilaya, au baraza la mji, na walimu wawili wenye cheti kimoja waliweza kupata ujira na masharti tofauti kwa sababu tu mabwana wao walikuwa mbalimbali. Dhiki ya namna hiyo haiondolewi kwa mtu kulala mapema wala kwa kuvuta pumzi ndefu. Tarehe 4 Desemba 1957 walimu wakaunda Chama cha Kitaifa cha Walimu Kenya, KNUT, ambacho makao yake yamejulikana kwa miaka mingi katika Mtaa wa Mfangano, katikati ya jiji. Wakadai mwajiri mmoja, wakagoma ilipolazimu, na mwaka 1967 Tume ya Huduma kwa Walimu ikaundwa kwa sheria. Tangu hapo mwalimu wa Dagoretti mwenye kunyimwa haki alikuwa na mlango wa kubisha, na mwenye mlango wa kubisha halali na fundo moyoni kama asiye nao.

Ikafuata taabu ya fedha, ambayo aghalabu humfuata mwalimu hata darasani: karo ya watoto wake mwenyewe, kodi ya nyumba, mgonjwa aliye kwao, na mkopeshaji wa riba amngojeaye mwisho wa mwezi. Mwaka 1974 chama cha ushirika cha akiba na mikopo kiitwacho Mwalimu kikasajiliwa, na akiba ikakatwa katika mshahara kabla haujafika mkononi. Kando yake vikastawi vyama vidogo vya majilisini, yaani katika vyumba vya walimu shuleni, ambavyo wanachama wake huchanga kila mwezi na kupokezana. Na mwenzao afiwapo, huenda kuhani pamoja na kuchangia mazishi.

Karne hii imeleta mizigo mipya. Mwaka 2001 kiboko kilipigwa marufuku shuleni, na kwa haki. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na kwa haki vilevile. Lakini watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni nchini, na katika mitaa yenye watu wengi, kama Kangemi na Kawangware, mwalimu akajikuta mbele ya umati, pasipo msaidizi. Machi 2020 maradhi ya korona yakazifunga shule, na nyingi hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021; walimu wa serikali waliendelea kulipwa, ilhali wengi wa shule za binafsi walikaa miezi bila ya mshahara, wakauza mboga na kufanya vibarua ili jamaa zao zile.

Itazame majilisi saa nne ya asubuhi, wakati wa mapumziko. Madaftari yamerundikwa mezani yakingoja kusahihishwa, chai ya maziwa imemiminwa, na mwalimu anaingia na vumbi la chaki mikononi, akisema, “Gredi ya Sita imenishinda leo.” Mwenzake amjibu, “Pole, mwalimu. Keti unywe chai kwanza. Kipindi kijacho nitakushikia.” Maneno hayo machache ni urithi wa yule mwalimu mzuruji wa Kabete.

Sikanushi manufaa ya mtu kujitunza mwenyewe. Kutembea kwa miguu chini ya miti ya Arboretum, bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kuwa kuni za treni, huituliza akili. Kulala vya kutosha, kuyaacha madaftari shuleni siku ya Jumapili, kuimba kwaya, kusali, kuzungumza na mshauri kabla huzuni haijawa maradhi, yote ni mema. Lakini Shirika la Afya Duniani, lilipoueleza mwaka 2019 uchovu wa kazi uliopita kiasi, lilisema kuwa ni jambo litokanalo na mkazo wa kazini usiodhibitiwa; na kitokacho kazini hakiwezi kuachiwa mtu mmoja akiponye nyumbani kwake usiku.

Kwa hiyo nawasihi walimu wakuu wa Nairobi waulinde muda wa mapumziko usiliwe na mikutano, wampe kila mwalimu mgeni mwenzake mzoefu wa kumtembelea darasani kwa wema na si kwa upelelezi, na wamruhusu aliyechoka aseme kuwa amechoka pasipo kuhesabiwa mvivu. Nawe mwalimu usomaye haya, kesho mwulize jirani yako wa majilisini hali yake, kisha umngoje ajibu.