Uhura alipozungumza Kiswahili, Robanda haikuwa na televisheni

Tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha hewani kwa mara ya kwanza kipindi cha Star Trek. Katika sehemu hiyo ya kwanza, Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha anga Enterprise, anakutana na kijana Mweusi asiyemfahamu. Kijana anamsemesha kwa Kiswahili. Uhura anashangaa, uso unamchangamka, naye anajibu kwa Kiswahili hicho hicho. Kumbe kijana yule si mtu, bali zimwi la sayari ya mbali linalojigeuza sura na kuwafyonza watu chumvi ya mwili mpaka wafe. Lilijua pa kumpatia mwanamke yule: lilimjia na lugha ya kwao.

Mwaka ule Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Robanda, kijiji chetu cha wilaya ya Serengeti kilicho jirani na lango la Ikoma, watu wangeelewa maongezi yale, lafudhi ya Kimarekani ikiwa imewekwa pembeni. Mugumu wangeelewa, Tarime wangeelewa. Lakini walioweza kumwelewa Uhura hawakuwa na pa kumwona, na wengi waliomwona hawakumwelewa.

Hata jina lake lilitoka huku. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya, na mtunzi wa kipindi, Gene Roddenberry, akalichukua jina hilo na kulilainisha mwishoni. Mwaka huo huo wa 1966 kituo cha CBS kilianza kuonyesha Daktari, kipindi cha matukio cha daktari wa wanyama na binti yake katika mbuga ya Afrika Mashariki. Simba wake, Clarence, alikuwa na makengeza. Mbuga yenyewe ilikuwa California, mwendo mfupi kutoka Los Angeles.

Serengeti halisi nayo ilikuwa imekwishatangulia kwenye skrini za wenzetu. Bernhard Grzimek wa Frankfurt alianza kipindi chake cha wanyama kwenye televisheni ya Ujerumani mwaka 1956. Filamu aliyoitengeneza na mwanawe Michael, Serengeti Shall Not Die, ilitoka mwaka 1959 na kushinda tuzo ya Oscar. Michael hakuiona siku hiyo. Ndege yake ndogo ilianguka Januari 1959. Wajerumani wakiwa sebuleni kwao waliwaona nyumbu wetu wakivuka nyika, wakaona na mitego ya nyaya. Watu wa magharibi ya mbuga, Waikoma, Wanata na Waisenye, ambao kwao uwindaji ulikuwa sehemu ya maisha tangu enzi na enzi, walikuja kuitazama picha hiyo ya nchi yao miaka mingi baadaye, na wengi hawajaitazama mpaka leo. Hili linaniuma kuliko kuchelewa kwa Star Trek.

Kuchelewa kwenyewe kulikuwa na sababu. Serikali ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, iliiona televisheni kuwa anasa ambayo nchi maskini haikupaswa kuitanguliza. Siwezi kuilaumu. Redio ilifika kila mahali, na kizazi kizima kiliketi kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania bila kuhitaji kuwaona. Zanzibar ilikwenda njia yake, ikawa na televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, na watu wa pwani ya Bara waliopata seti waliinasa ng'ambo ya bahari. Huku kwetu kaskazini jicho lilielekea Kenya, iliyokuwa na televisheni tangu 1962. Mwenye seti karibu na mpaka alisimamisha antena juu ya mti mrefu, akaigeuza taratibu huku mwenzake ndani akipiga kelele: bado, bado, hapo hapo! Picha iliyopatikana ilikuwa nusu sura, nusu chenga.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango, na mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vikaanza Dar es Salaam: CTN, DTV na ITV. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Kwa vijiji vya Serengeti, tarehe hizo zilikuwa za magazetini tu. Kilichotuletea vipindi vya Kimarekani kama Knight Rider na The A-Team hakikuwa mnara wa matangazo. Kilikuwa deki, jenereta, na mtu mwenye moyo wa biashara.

Kibanda umiza kila Mtanzania wa rika langu anakijua: mabati, au turubai juu ya miti, mabenchi ya mbao yanayochoma mapaja, magunia yaliyotundikwa kuzuia mwanga, na watoto wasio na kiingilio wakichungulia kwenye matundu. Jenereta liliwekwa mbali kidogo lakini halikuwa mbali vya kutosha, na mlio wake ukawa muziki wa kila filamu. Picha ikianza kukatika mistari, mwenye kibanda alifungua deki, akafuta kichwa chake kwa kitambaa kilicholowa spiriti, na ukanda uliojikunja akauzungusha kwa kalamu mpaka ukakaza. Hakuna aliyetoka wakati huo. Ukitoka umepoteza benchi.

Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo tuliongozwa na sauti. Dar es Salaam Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliifanya kazi ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kuwa sanaa yenye wapenzi wake, na kanda zake zilisambaa. Uganda wanao wenzao wanaoitwa VJ; mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alipotoa filamu yake Who Killed Captain Alex, sauti ya msimulizi ilikuwa ndani yake kama mhusika mwingine. Pasipokuwa na kanda iliyosimuliwa, alisimulia aliyekuwa jirani na skrini. Alitoa majina, akaeleza undugu ambao haukuwamo, akaonya kwamba yule mwenye koti jeusi ni msaliti. Steringi alikuwa steringi, na steringi hafi. Kama risasi zilimpita, ana dawa.

Kwa sababu ya njia hiyo ya deki na kanda, miaka ilifika kwetu ikiwa imechanganyika. Knight Rider ilianza Marekani mwaka 1982, MacGyver mwaka 1985, 24 mwaka 2001, Prison Break mwaka 2005. Mtu wa Nairobi alizipata kwa mfuatano unaokaribia huo, kila rika na kipindi chake. Robanda zilikaa kwenye rafu moja, kanda za zamani kando ya DVD za sizoni mpya, na mtoto wa mwaka 1990 akawa shabiki wa lile gari jeusi linaloongea la Knight Rider sawasawa na mtu mzima wa Nairobi mwenye ndevu. Ndiyo maana sikubali mtu anapopanga vipindi vya utotoni kwa mwaka wa kutengenezwa. Kwetu kipindi cha zamani ni kile kilichotangulia kufika.

Siku hizi fundi simu anakuwekea mfululizo mzima kwenye flashi au memori kadi, na nimekuwa nikivitazama tena vipindi vile. The A-Team inashangaza: risasi zinamiminwa, magari yanabiruka, na karibu kila mara abiria wanatoka wakijikung'uta vumbi. Dawa ya steringi ilikuwa imegawiwa hadi kwa maadui! Katika Knight Rider unaona pale anapoingia mtu wa kuruka badala ya mwigizaji David Hasselhoff, na gari la KITT, lililotutoa machozi kwa uungwana wa sauti yake, linafanya mambo ambayo simu yangu inayafanya sasa. Mshangao wa kifaa umekwisha. Uungwana wa ile sauti bado upo, nami nimegundua kwamba nilimpenda yule rafiki kuliko mashine.

Aliyedumu kuliko wote ni MacGyver. Hapendi bunduki, ana kisu kidogo cha kukunja na anatumia kilichopo mkononi, waya, gundi, kipande cha chuma. Huku ambako jenereta hufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kuendelea kunguruma, hatukumwona kama mtu wa ajabu. Tulimwona kama fundi.

Star Trek niliifikia ukubwani, peke yangu, kwenye simu. Katika sehemu iitwayo The Changeling, ya mwaka 1967, mtambo wa Nomad unamfuta Uhura kumbukumbu zote, na muuguzi anaanza kumfundisha kusoma upya, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiingereza kinamshinda. Anakasirika, na hasira inamtoka kwa Kiswahili. Nilirudisha nyuma nikatazama tena. Waandishi wa Hollywood, wasiokuwa na hadhira ya Waswahili akilini, walidhani kwamba mtu akifutwa kila kitu, lugha ya mama itabaki. Walidhani sawa.

Nichols alitaka kuacha kazi ile baada ya msimu wa kwanza. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa nafasi yake kwenye skrini ilikuwa kubwa kuliko alivyoiona mwenyewe. Kuanzia 1977 alifanya kazi ya kuishawishi jamii ya Weusi na wanawake wajiunge na NASA, na kundi la wanaanga la 1978 liliwaleta Guion Bluford, Ronald McNair na Sally Ride. Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimtia hamasa. Katika mfululizo mpya ulioanza 2022, Uhura anatajwa kuwa mtu wa Kenya. Ni jirani, tumempokea.

Watoto wa leo hawana haja ya msimulizi wa benchi la mbele. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na Azam ikafuata na tamthilia za Kituruki; king'amuzi kimoja kinatosha. Sauti hizo ni safi, zimerekodiwa studio, zinafuata maneno ya mwigizaji. Zile za vibanda hazikumfuata mtu. Zilikuwa tungo zetu juu ya picha za wengine, na zipo kwenye kanda ambazo ukungu unazila katika masanduku, Dar es Salaam, Mwanza, Musoma, na bila shaka Mugumu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo au TBC wazihamishie kwenye kompyuta. Waanze na kanda za Lufufu, kisha watangaze redioni kwamba wanazitaka na za wengine, hata zisizo na jina la msimulizi. Deki zinazofanya kazi zinapungua kila mwaka, na mafundi wanaojua kufuta vichwa vyake nao wanazeeka.