Macho Mekundu, Nywele za Kidevuni: Dalili za Uzee Usukumani

Usukumani, macho mekundu ya mwanamke mzee yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Mtoto akifa au ng'ombe wakipukutika, familia ilikwenda kwa mfumu. Naye akapiga ramli, mara nyingi kwa kupasua kuku na kusoma viungo vyake vya ndani, kisha akaeleza alama za mbaya wao. Yaliyofuata yalifanywa usiku kwa mapanga, wakati mwingine na watu waliokodiwa. Tangu miaka ya 1970 vikongwe wengi wa Shinyanga, Mwanza na Geita wameuawa hivyo. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliwasaka wauaji kwa kukamata mamia ya watu. Baadhi wakafia mahabusu kwa mateso, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu.

Wekundu huo ulikuwa na chanzo kilichoonekana mchana kweupe. Katika miaka ya 1920, chini ya mtafiti C.F.M. Swynnerton, misitu ya Shinyanga ilianza kufyekwa ili kuwaangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe yakamaliza sehemu kubwa ya miti iliyobaki. Kuni zikaadimika, wanawake wakapikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya vyumba vyenye madirisha madogo au visivyo na dirisha kabisa. Moshi wa miaka mingi mafigani, pamoja na ugonjwa wa vikope, uliyafanya macho yao kuwa mekundu. Aliyepikia ukoo mzima ndiye aliyeshtakiwa kwa alama ya kazi yake, na huo ulikuwa udhalimu mkubwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, yaani maeneo yanayotengwa ili majani na miti viote tena, na kurudisha miti.

Nywele za kidevuni mwa mwanamke, zilizotiliwa shaka vilevile, nazo zina chanzo mwilini. Hedhi ikikoma, estrojeni hupungua sana, huku ovari na tezi zilizo juu ya figo zikiendelea kutoa kiasi cha homoni za kiume. Ndiyo maana nywele chache ngumu huota kidevuni mwa bibi mwenye afya njema. Kwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa, chanzo kikubwa ni tatizo la ovari lililoelezwa Chicago mwaka 1935 na Stein na Leventhal, ambalo huambatana na hedhi kuvurugika. Daktari huuliza nywele zilianza lini, hedhi inakwendaje na dawa gani zinatumika. Wingi wake hukadiriwa kwa alama, kwa njia iliyotolewa na Ferriman na Gallwey mwaka 1961, na testosteroni hupimwa katika damu.

Nywele zikiota kwa kasi na sauti ikawa nzito, huenda kuna uvimbe kwenye ovari au tezi zilizo juu ya figo. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mapema. Kwa watu wa Shinyanga na Geita, hospitali mojawapo ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971.