Bahari inapanda: ginsi London inapanga ukuta wake

Mtu wa Uvira ama Kalemie hana lazima ya kuelezewa maana ya maji kuingia ndani ya nyumba. Mwaka wa 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda na watu wakahama. Hapa tunaongea juu ya bahari, lakini swali ni lile lile: utajenga ukuta wa kimo gani kama haujui maji itafika wapi?

Tuanze na hesabu. Kati ya mwaka wa 1901 na 2018, bahari ya dunia ilipanda kama santimetre 20. Maji ikipata joto inatanuka, tena barafu inayeyuka na kuingia baharini. Kufikia mwaka wa 2100, wataalamu wa GIEC wanaona itapanda tena kati ya santimetre 28 na 55 kama dunia inapunguza moshi haraka sana, ama kati ya 63 na 101 kama moshi unazidi. Tofauti hiyo si ndogo. Ukuta ukiwa mfupi, watu wanakufa. Ukizidi kimo bure, pesa ya masomo na hospitali imelala ndani ya beto.

London walijifunza kwa machozi. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953, zoruba ilisukuma bahari juu ya inchi kavu, watu 307 wakafa Uingereza. Kule Uholanzi walipita 1,800. Ndipo ikajengwa, mu mto Thames, milango 10 ya chuma yenye kufunga mto wote, upana wa metre 520. Ilifunguliwa rasmi mwaka wa 1984, na imekwisha kufungwa zaidi ya mara 200.

Milango hiyo inategemewa mpaka karibu mwaka wa 2070. Je, wajenge mingine leo? Hapana, na mimi naona wana haki. Mpango wao wa mwaka wa 2012 haukuchagua namba moja. Wanapima maji kila mara, na kila miaka 10 wanapitia mpango upya. Bahari ikienda mbio, kazi inaletwa mbele. Ikienda polepole, inangoja. Uamuzi juu ya milango mipya unapashwa kutolewa kufikia mwaka wa 2040, sababu kazi ya namna hiyo inakula miaka mingi. Wakati huu wanaomba miji iache kiwanja kitupu kando ya mto, ili kesho kuta zipate nafasi ya kupandishwa bila kubomoa nyumba ya mtu.

Ziwa letu si bahari. Liko karibu metre 770 juu yake, linapanda kwa mvua na linatokea mlango mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Kwa hiyo hesabu ya London haiwezi kuletwa hapa vile ilivyo. Lakini kupima maji kila siku na kuacha kiwanja kitupu, hiyo haiombi milango ya chuma. Kwetu, maji ikirudi nyuma kidogo tu, matofali yanaanza kushushwa pale pale.